Misheni ya siku tano inamfundisha nani?

Tangazo la misheni ya likizo ndefu limeshabandikwa karibu na kantini, na wengi wetu tumeshalipiga picha na kulirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Basi moja, watu arobaini na tano, siku tano, vijiji vya Barabara ya Kilwa kuanzia Mkuranga kwenda mbele. Asubuhi semina ya viongozi wa makanisa, jioni mkutano wa hadhara. Kukutana ni Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri, na michango itolewe kabla bumu halijaisha. Aliyeandika hilo la bumu anatujua vizuri.

Sina ugomvi na mkutano wa jioni. Kuimba, kuhubiri, kuombea wagonjwa, hiyo ni mada ya siku nyingine. Hoja yangu ni ya asubuhi. Nasema semina ya viongozi kama tunavyoifanya haifundishi Biblia, na mwaka huu feloshipu yetu aidha iibadilishe kabisa au iiache. Wewe usiye Mkristo, usifunue ukurasa kwanza. Kuna sehemu yako humu, hasa kama unaishi Temeke.

Nimekulia Mbagala, Charambe, na nimeshakwenda misheni mbili, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Tuanze na hao tunaowaita "viongozi wa vijijini". Ukitamka hivyo hapa chuoni, watu wanamwona mzee mmoja wa kale ambaye hata kusoma anasoma kwa shida. Kashuke Kimanzichana au Ikwiriri uone. Kanisa la kule mara nyingi ni la wageni: mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishwa kutoka Iringa, nesi wa zahanati, Mmakonde aliyefuata korosho, Mngoni aliyefuata kibarua akaoa huko huko. Kandokando ya Rufiji, pande zote mbili za Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, kuna Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu mwaka 2006. Wenyeji wengi ni Waislamu. Kwa hiyo anayeongoza ibada pale ni mtu aliye mbali na kwao, anaongoza watu walio mbali na kwao, kwa Kiswahili ambacho kwa wengi wao ni lugha ya pili.

Mchungaji mwenye kubatiza na kutoa Meza ya Bwana anafika mara moja kwa mwezi, pengine kwa bodaboda, na masika ikikolea hafiki. Jumapili nyingine zote ni za mwinjilisti, katekista au mzee wa kanisa, kutegemea dhehebu. Yeye ndiye anayehubiri, anayezika, anayefundisha watoto wa kipaimara, anayeamshwa saa sita usiku kusuluhisha mtu na mkewe. Mshahara wa kutajika hana. Shamba ndilo linalomlisha. Mwaka 2017, watu walipokuwa wakiuawa Kibiti na Rufiji, askari polisi na viongozi wa vijiji, ni watu wa namna hii waliosimama mbele ya waombolezaji wakatafuta la kusema. Sasa mtu huyo sisi tunamwendea na "sifa saba za kiongozi mwenye maono".

Sitanii. Katika misheni ya mwisho niliyokwenda, asubuhi nne zilibeba mada kumi na moja: uongozi, maono, utoaji, vita vya kiroho, nyakati za mwisho, ndoa, malezi, ujasiriamali na nyinginezo ambazo zimenitoka. Kila mnenaji alijichagulia mada yake mwenyewe, saa moja moja, kisha anampisha mwenzake. Tulibeba jenereta na projekta, na slaidi nyingine zilikuwa zimenakiliwa kutoka semina za mjini, nusu yake Kiingereza. Wenyeji wetu waliandika kila kitu kwenye kaunta buku, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Siku ya mwisho vyeti, picha, machozi, basi.

Siku ya pili mama mmoja, mwalimu wa Shule ya Jumapili, alinyoosha mkono. Aliuliza kwa nini Yesu aliulaani ule mtini katika Marko 11 wakati imeandikwa wazi kwamba haukuwa msimu wa tini. Alisema yeye ni mkulima wa korosho, na hawezi kuugombeza mkorosho mwezi wa tatu. Watu wakacheka. Mnenaji wetu naye akacheka, akamwambia "tutarudi kwenye hilo, mama," akaendelea na namna ya kuweka malengo. Hatukurudi.

Kiukweli lile lilikuwa swali bora kuliko yote niliyosikia siku zile nne, na jibu lake halihitaji shahada. Linahitaji dakika ishirini na sura moja. Fungua Marko 11 uisome mfululizo. Yesu anauona mtini wenye majani bila tunda, anaulaani. Anaingia hekaluni, anawatimua wafanyabiashara. Asubuhi yake wanapita pale pale, mtini umekauka. Marko ameliweka hekalu katikati, mtini huku na mtini huku. Msomaji anayeenda polepole anaanza kuona kwamba mti ule unasimama badala ya kitu kingine: hekalu limejaa majani, shughuli, kelele, sadaka, ila tunda hakuna. Unaweza ukabishana na usomaji huo, wapo wanaobishana nao. Lakini yule mama angeweza kuufikia mwenyewe, kwa macho yake, kwenye kitabu chake, na Jumapili inayofuata angewaonyesha watoto. Halafu angejua kufanya hivyo hivyo kwenye sura nyingine ambayo sisi hatukuigusa. Hiyo ndiyo ninayoiita kufundisha Biblia. Kumwambia mtu Biblia inasema nini kuhusu mada kumi na moja ni jambo jingine, na ni jambo linaloisha basi likiondoka.

Mtu atasema nakuza mambo, semina mbaya haijaua mtu. Semina labda. Usomaji mbaya umeua, tena hapa hapa Afrika Mashariki. Machi 17, 2000, Kanungu nchini Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada baada ya miaka ya kuambiwa mwisho wa dunia umefika. Msitu wa Shakahola, Kilifi, umbali usio mkubwa kutoka Malindi: kuanzia Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Na sisi wenyewe, Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokufa kwenye matukio haya walikuwa na Biblia.  Walichokosa ni mtu wa karibu, wa pale pale kanisani kwao, wa kuwaambia: hebu tusome aya ya juu yake na ya chini yake.

Mfano wa aya ya juu yake. Hakuna mstari unaopendwa hapa chuoni kama Yeremia 29:11. Uko kwenye milango ya hosteli, kwenye kava za simu, na kila kipindi cha mitihani mtu anautuma. Aya ya 10 inasema miaka sabini. Sura nzima ni barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, na barua inawaambia wasidanganywe na manabii wanaowaahidi kurudi karibuni. Wajenge nyumba, wapande bustani, na wautafutie amani mji waliomo, mji wa watu wasio wa dini yao. Msomee barua hiyo yote Msukuma aliyefukuzwa Ihefu, au mwalimu aliyehamishiwa Kibiti ambaye kila mwaka anaandika barua ya kuomba uhamisho. Ataielewa kuliko sisi. Sisi tumemkatia mstari mmoja tukamwambia atafanikiwa.

Au zaka. Malaki 3 inahubiriwa vijijini mpaka imechakaa, na wahubiri wengi wanaoitumia ni wageni wa kutoka mjini wanaoondoka na sadaka. Kitabu kile kina sura nne tu. Sura mbili za kwanza zinawagombeza zaidi makuhani, kwa kumtolea Mungu wanyama vilema na wagonjwa na kuwapotosha watu. Mzee wa kanisa akishaisoma Malaki yote, mgeni hatamtisha kwa sura ya tatu peke yake.

Kuna mambo mengine ni ya Kiswahili chenyewe. "Talanta" siku hizi ni kipaji, kila mtu anajua: talanta ya kuimba, talanta ya mpira. Kwa hiyo mfano wa Mathayo 25 unageuka kuwa somo la vipaji. Kwenye hadithi yenyewe talanta ni fedha, tena nyingi mno: talanta moja ilikuwa dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku. Fanya hesabu, ni kama miaka ishirini ya kazi. Yule mtumishi aliyefukia chini alifukia jasho la maisha ya mtu. Hadithi inakuwa na uzito mwingine kabisa, na kijijini ambako watu wanajua kibarua ni nini, inaingia haraka.

Sasa Temeke, kwa sababu nimeahidi. Aprili 29, 2009, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala, nilikuwa mtoto mdogo wa shule ya msingi. Walikufa zaidi ya watu 20, nyumba zikabomoka. Wiki zile zilijaa swali moja, kwa Wakristo na Waislamu: wamekosa nini hawa? Na palikuwa na watu wa kujibu haraka haraka kwamba ni baa na pombe na vigodoro. Luka 13 ina habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane, na Yesu anaulizia kama hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, kisha anakataa. Kiongozi wa kanisa aliyeshika ukurasa huo ana la kumwambia mama aliyepoteza mtoto. Asiyeushika atamwongezea jeraha.

Kisha Oktoba 2012. Ugomvi wa watoto wawili juu ya Msahafu ulikuwa mkubwa kuliko watoto wenyewe, na makanisa kadhaa ya Mbagala yakavunjwa na kuchomwa. Sitaki kuchimba nani alianza. Nataka tukumbuke hali ya hewa iliyokuwepo kabla: miaka ya mihadhara, kanda na vipaza sauti, pande zote mbili, mtu anashika kitabu cha mwenzake anakisoma kwa kukikomoa. Misheni yetu inaelekea vijiji ambako Mkristo anaazima jembe kwa Mwislamu, na Mwislamu anazikwa Mkristo akiwa amebeba jeneza. Mada ya "kujibu hoja za Waislamu" imo kwenye ratiba ya mwaka huu, nimeiona kwa macho yangu, Jumatano saa tano. Tutaitoa, tutapanda basi, tutarudi Rangi Tatu kula chipsi mayai. Mwinjilisti atabaki na majirani zake. Naomba mada hiyo ifutwe. Kama tutafuta kitu kimoja tu mwaka huu, kiwe hicho.

Wala siyo kwamba nimegundua jambo. Habari ya Biblia ya Kiswahili tangu mwanzo ni habari ya watu kukaa mahali pamoja, muda mrefu, na kitabu kimoja. Krapf aliianza Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, mwaka huo huo alipofika. Steere alikalia Kiunguja Zanzibar miaka na miaka, na Biblia nzima iliyotokana na kazi hiyo ikatoka 1891 yeye akiwa ameshafariki. Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka 1937, alifanya kazi na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, majina ambayo hayamo kwenye masomo yetu hata kidogo. Ile ya Union ambayo wazee wanaishika mpaka leo ni ya 1952. Hakuna aliyemaliza kwa siku tano.

Na hata hili la kumfuata mwalimu kijijini lilishafikiriwa. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala iliona kwamba vijana wanaopelekwa mjini kusomea uchungaji hawarudi vijijini. Ikageuza: mwalimu ndiye asafiri, mwanafunzi abaki shambani kwake, asome nyumbani wiki nzima na wakutane kwa majadiliano. Mtindo huo ulienea duniani, na KKKT nayo ikawa na Elimu ya Theolojia kwa Enezi. Kwa hiyo kwenye baadhi ya vijiji tunavyokwenda wapo watu walioshasoma kwa njia hiyo, na sisi tunawakalisha kwenye viti vya plastiki kuwaeleza maana ya neno "Injili".

Nimezungumza na viongozi wa feloshipu, nao wana majibu yao. La kwanza, kwamba mwalimu ni Roho Mtakatifu, mbinu ni za kibinadamu. Sawa. Katika Matendo 8 huyo huyo Roho alimtuma Filipo alikimbilie gari la yule towashi wa Kushi, na Filipo alipofika alianza kwa kuuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Alianza na swali, na kitabu kilikuwa tayari mkononi mwa yule bwana.

La pili, kwamba sisi siyo wanatheolojia. Hilo ndilo linalonipa nguvu. Asiye mwanatheolojia asijipe mada kumi na moja. Ashike Injili ya Marko, sura kumi na sita, ambayo yote ukiisoma kwa sauti haizidi sana saa mbili. Ajiandae muhula mzima. Na tuna wenzetu wa ualimu humu ndani, watu wanaotoka jasho kwenye field kuandika azimio la kazi na andalio la somo kwa kipindi cha dakika arobaini. Kwenye misheni tunawapangia kazi ya kuongoza nyimbo.

La tatu ndilo zito: vijiji ni vingi, kwa nini tung'ang'anie kimoja? Jibu langu watu hawalipendi. Kwa sababu tukienda kila mwaka kijiji kipya, anayejifunza ni sisi. Tunaona Rufiji, tunakula samaki wa bwawani, tunapata ushuhuda na picha. Hakuna ubaya, ila tuiite ziara.

Ninachopendekeza ni hiki. Kijiji kimoja, au viwili vilivyo jirani, miaka mitatu mfululizo, kwa makubaliano na wachungaji wa madhehebu yaliyopo. Tusiende arobaini na tano, twende kumi na wawili, kwa Hiace. Hapa kuna jambo ambalo akina kaka huwa hawalioni: mwaka jana, wakati semina ikiendelea, wanawake wa kanisa lile walikuwa nyuma ya jengo wakipika chakula cha wageni arobaini na tano. Akina mama ndio wengi kanisani, ndio walimu wa watoto, ndio wanaokesha kwenye misiba, na tuliwageuza wapishi wa watu waliokuja kuwafundisha. Yule mama wa mtini aliuliza swali lake akiwa na mwiko mkononi, amesimama mlangoni. Wageni kumi na wawili wanaweza kupika zamu kwa zamu wenyewe.

Vipindi viwe alasiri, saa tisa hadi saa kumi na mbili, watu wakishatoka shamba, na tuondoke kabla mavuno ya korosho hayajapamba moto. Projekta ibaki chuoni. Fedha itakayobaki kwenye usafiri inunue Biblia za maandishi makubwa, maana macho ya wazee hayadanganyi, na Habari Njema chache za kusoma sambamba na Union, pamoja na Itifaki moja ya Biblia ya kuachwa kanisani. Vyeti tuviache.

Na baada ya kurudi, kila mmoja wa wale kumi na wawili awe na mtu wake wa kumpigia simu Ijumaa jioni. Wengi kule wana vitochi, hakuna cha kutumiana video, ni kuongea tu: Jumapili unahubiri wapi, umeona nini, umekwama wapi. Dakika za mtandao tunazomalizia kwenye stori za mpira zinatosha kabisa. Mimi nimekuwa nikiongea hivyo na mwinjilisti mmoja tangu mwaka jana. Wiki iliyopita tulikuwa Marko 5 na alinieleza jambo kuhusu nguruwe na wenye nguruwe, hasara ya mfugaji, ambalo mimi mtoto wa Charambe nisingeliona hata nikisoma mara mia.

Mkutano mkuu wa feloshipu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne, ukumbi ule ule. Katiba yetu inataka sahihi ishirini ili hoja iingie kwenye ajenda. Mpaka ninapoandika ninazo kumi na moja. Karatasi iko kwangu, na kila siku baada ya lekcha za mchana napatikana chini ya mwembe wa maktaba.